Sentensi Kumi na Mbili za Hashil

Hakuna mwanamume aliyeishi nyumbani kwangu, mtaa wa Mabawa, katika miezi minne na siku kumi za eda yangu. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu nimelisikia likisemwa sokoni, na mara moja lilisemwa kwenye simu ya binti yangu na mtu aliyedhani amekwisha kata. Wengine wanasema si mwanamume, ni jini nimemfuga. Hao nao ni waongo. Sauti iliyosikika mlangoni kwangu ilikuwa ya Hashil bin Asaad, mume wangu wa miaka thelathini na moja, na wakati huo alikuwa amekwisha zikwa.

Hashil alikuwa mchora ramani za nyumba. Alipostaafu utumishi alinunua kompyuta nzuri, akafanya kazi chumba cha mbele. Alikuwa mtu wa mpango. Ukiiwasha kompyuta yake, kioo kilikuwa kitupu, pana kazi ya siku ile tu. Simu aliifungia ndani ya kopo la biskuti asubuhi, akaitoa adhuhuri. Kazi aliigawa kwa saa ya jikoni: dakika arobaini za kuchora, kumi za kunyoosha mgongo. Ikilia yuko katikati ya mstari, mstari ulibaki nusu.

Kilichomshinda ni mlango. Katika mji wetu mtu akionekana nyumbani huhesabiwa hana kazi. Siku moja alihesabu mara alizoinuliwa kitini: ishirini na tatu.

"Turkiya," akaniambia, "mimi siibiwi na wezi. Naibiwa na hodi."

Akajitengenezea dawa. Alifunga kisanduku kidogo juu ya mlango, chenye kusikia na kusema, akakiunga kwa waya na kompyuta kuukuu iliyokaa kabatini. Mtu akibisha, kompyuta ilitazama saa na siku, ikachagua jibu. Majibu aliyasoma mwenyewe kwa sauti yake, mimi nikiwa mbele yake kama msimamizi wa mtihani. Nimefundisha jiografia sekondari miaka ishirini na sita, kusimamia nakujua. Sentensi zote niliziandika kwa mkono wangu, nikaibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati. Zilikuwa kumi na mbili. Asubuhi ilisema, "Maziwa yaache kizingitini, ahsante." Mchana, "Nimekusikia. Niko kazini, rudi baada ya alasiri." Ijumaa, "Nimekwenda msikitini." Miaka minne hakuna aliyejiuliza aliyekwenda msikitini anajibuje. Wote walidhani yuko dirishani. Aliniapisha nisiseme, maana wakijua ni mashine wataingia.

Alifariki mwezi wa pili, kitini pake, saa ya jikoni ikiwa bado inahesabu.

Siku za msiba mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyebisha. Siku ya nne tukaufunga. Nilikuwa chumbani na nguo zangu za eda. Nikasikia hodi, kisha nikamsikia mume wangu: "Nimekusikia. Niko kazini, rudi baada ya alasiri."

Nilikuwa nimekwisha fungua kinywa kumwambia, "Mfungulie tu, Hashil."

Waya ulikuwa mmoja, wa kuchomoa kwa vidole viwili. Sikuuchomoa, na kosa langu katika habari hii ni hilo peke yake. Nilijiambia una faida: mjane aliye katika eda hasemezani na wanaume wa nje, na sauti ilimjibu fundi wa maji, ikamjibu muuza maziwa. Lakini baada ya wiki chache nilikuwa naingoja. Halafu ikaanza kujibu wakati ambao sikusikia mtu kubisha. Nikasema ni upepo, au paka.

Muuza maziwa, Innocent wa Pongwe, alikuwa mgeni, hakumjua Hashil akiwa hai. Akaeleza njia nzima kwamba kwa Mwalimu mna bwana, tena mpole, kila asubuhi anashukuru.

Maneno hayo yalifika kwa watu wa kijana Yazid, waliokuwa wameleta posa ya binti yangu Bayan. Bayan akaja chumbani macho yamevimba.

"Mama, uchomoe basi. Yazid mwenyewe hana neno, ila kwao wanasema shangazi yake ndiye atakayeamua."

"Nikiuchomoa sasa," nikamwambia, "watasema bwana ameondoka."

Nikamwita Devota, fundi wa kompyuta mjini, mwanafunzi wangu wa zamani. Nilitaka fundi mwanamke ili pasiwe na neno jingine. Bi Sabiha, shangazi yake Yazid, nikamwita pia, akaja siku hiyohiyo baada ya adhuhuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika. Kahawa hakuigusa.

"Turkiya, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini kwetu hatuoi penye maneno."

"Ndiyo maana nimekuita. Devota, kifungue."

Devota akapanda kigoda, akakifungua kile kisanduku juu ya mlango, akachomoa waya, akaileta na kompyuta kutoka kabatini. Akavipanga vyote mezani na kuunga tena. Nikabandua karatasi yangu, nikampa Bi Sabiha aishike. Devota akabonyeza, sentensi moja baada ya nyingine, na Bi Sabiha akizifuata kwa kidole mpaka ya kumi na mbili, "Nani mwenzangu?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Kumbe! Marehemu hakuwa bingwa wa kompyuta, alikuwa mvivu wa kuinuka."

"Huyo mvivu alimchorea kaka yako nyumba," nikasema, "na kama si yeye, choo chenu leo kingeelekea kibla."

"Astaghfirullah! Hilo nani kakwambia?"

"Ramani ninayo."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Devota akazima kila kitu, akachomoa waya, akauzungusha mkononi. Bi Sabiha akasema basi, ameridhika, atakwenda kuwaambia. Akanirudishia karatasi, akatoka hadi kizingitini, akavaa viatu. Mimi nilisimama nyuma yake ndani ya ukumbi. Kisanduku kilikuwa mezani nyuma yetu sote, na pale juu ya mlango yalibaki matundu mawili ya skrubu.

Hapo juu sauti ikasema, taratibu, kama mtu anayemzindua mgeni kwa adabu:

"Bi Sabiha, hivyo viatu ni vya mke wangu."

Akatazama miguuni. Nami nikatazama. Vilikuwa vyangu, vyeusi kama vyake, vyenye vumbi la tangu mwezi wa pili kwa kuwa sitoki. Vyake vilikuwa pembeni.

Devota alikuwa ameushika waya kifuani.

"Turkiya," Bi Sabiha akasema bila kugeuka, "hiyo ilikuwa ya ngapi?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na yeye alikuwa amekwisha isoma yote.

"Ya kumi na mbili," nikasema.

Akavivua vile viatu, akaviweka sawasawa, akarudi ndani miguu mitupu. Akakaa, akaomba kahawa ile aliyoikataa. Aliishika kwa mikono miwili, akainywa.

"Harusi iwe eda yako ikiisha," akasema. "Na maneno ya watu nitayakata mwenyewe."

Akayakata kweli. Bayan ameolewa, ana mtoto. Mashine yote aliichukua Devota siku ileile na sijaidai. Lakini Bi Sabiha amefariki mwaka huu, na kabla arobaini yake haijafika maneno yamerudi, ndiyo sababu nikaandika.

Wananiuliza kama mlango ule bado unajibu. Bayan naye ameniuliza. Katika nyumba yangu hapajasikika sauti ya mwanamume asiye halali yangu, jana wala leo. Zaidi ya hapo sisemi.