Kadi Mbili za Ludovick

Kabla hajawa fundi, Brigita Marseli alikuwa akitoa fotokopi kwenye duka moja karibu na stendi ya Babati. Kila mashine ilipogoma, mwenye duka aliagiza fundi kutoka Arusha, naye Brigita alisimama nyuma yake akitazama kila skrubu inakotoka. Mara ya nne fundi hakuitwa tena; Brigita aliitengeneza mwenyewe. Ndivyo binti huyo wa wakulima wa Dareda, ambaye watu humwita Mama Hope, alivyoingia kwenye ufundi wa kompyuta hadi akafungua kibanda chake mtaa wa Bagara, mjini humo.

Mwaka 2018 Ludovick, yaani Baba Edward, mpiga video za harusi, alimlalamikia kwamba kompyuta yake ni nzito. Brigita akaongeza kasi ya memori kwenye kadi ya grafiki, ile inayobeba kazi ya picha, kupita ilivyopangwa kiwandani. Alipandisha kidogo kidogo, akijaribu kila hatua, mpaka akapata kiwango kilichotulia. Ludovick alifurahi sana, akanunua kadi ya pili, jina lilelile, boksi lilelile, akaifunga kwenye kompyuta nyingine na kuiwekea namba zilezile mwenyewe. Kioo kikajaa madoa ya rangi, kisha kompyuta ikazima, na harusi ya watu imo humo.

Alifika kibandani amekunja uso. Alisema ama ameuziwa kadi feki, ama Brigita alimficha siri ya kazi. Maneno hayo yalimchoma Brigita, maana hakuwahi kumficha mteja kitu. Aliomba kadi zote mbili, akafungua feni, akafuta grisi ya kupoozea, akainamia chipu za memori na lenzi ya kukuzia. Hatimaye akamsogezea Ludovick ile lenzi.

"Soma hapa, halafu soma na hapa."

Maandishi hayakufanana.

"Kadi ni za kampuni moja," Brigita alisema, "ila chipu za memori zimetoka viwanda viwili. Hizi zinavumilia kukimbizwa. Hizi zinafanya kazi vizuri kama zilivyopangiwa, lakini ukizikimbiza zinashindwa mapema. Si feki, Baba Edward. Zile namba niliipimia kadi ya kwanza tu."

Ludovick aliomba radhi akitazama chini. Brigita akampa kiti, akaanza kuipandisha kadi ya pili kutoka mwanzo. Madoa yalipojitokeza, alirudi hatua mbili nyuma. Haikuifikia kasi ya kadi ya kwanza, lakini ilifanya kazi kutwa nzima bila kuzima. Akaandika kikomo cha kila moja kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu yake.

Mwaka uliofuata Egidius wa Nakwa, mpenzi wa magemu, alitaka kununua kadi iliyokuwa kwenye kabati la Brigita. Mama huyo aliifungua mbele yake, akasoma chipu, akamwambia wazi kwamba hii haitakimbia anavyotaka. Egidius aliondoka bila kununua. Wiki haikuisha, akarudi na wenzake watatu, kila mmoja na kadi yake mkononi, wakitaka awasomee chipu.