Siku Makuli Walipokataa Kupigwa Picha

Katika Bariadi hii, wa kwanza kuwakatia bima ya afya makuli wa msimu ni mimi. Ukimkuta mwingine anadai ni yeye, mlete tusimame naye. Nina kinu cha kuchambua pamba njia ya kuelekea Kasoli, nina malori, nina nyumba ya vigae, na shuleni niliishia darasa la nne. Magunia ya pamba niliyabeba mgongoni kabla sijayamiliki, kwa hiyo habari za mgongo wa kuli hakuna wa kunifundisha.

Afisa wa bima alituita sisi wenye vinu akatueleza kwamba mfanyakazi wa mkataba naye ni mfanyakazi: mwajiri amwandikishe, amchangie, yeye na mwenza wake na watoto. Wenzangu waliguna. Mmoja akaniinamia sikioni. "Hawa wa msimu si wetu, bwana. Pamba ikiisha wanarudi kwao. Wewe utamtibu mtu wa Lalago?"

Nikamjibu mbele ya wote. "Ukiazima maksai wa mwenzio, akavunjika mguu shambani kwako, utauliza alizaliwa zizi la nani?"

Walicheka. Nikatoka pale nimechangamka kama ndama aliyefunguliwa.

Asubuhi yake nikapanda juu ya gunia nikawatangazia makuli wangu: Jumamosi waje na wake zao na watoto, wapigwe picha, waandikwe majina, bima ianze. Nilingoja vigelegele. Wakaangalia miguu yao. Mmoja mwenye wake watatu ndiye pekee aliyefungua mdomo.

"Bosi, mwenza ni yupi kati yao?"

"Yule unayemwogopa zaidi."

Hata hapo hawakucheka. Kesho yake nusu yao hawakuja kazini, na nyapara wao akanivuta nyuma ya rundo la mbegu.

"Usikasirike, bosi. Wanasema unatafuta ndagu."

Huku kwetu ndagu kila mtu anaijua: dawa ya utajiri, na malipo yake ni roho za watu. Sasa fikiria. Tajiri aliyetoka chini, kinu kinanguruma, ghafla anataka sura na majina ya watoto wa watu. Ningekuwa bado kuli, hata mimi ningekimbia.

"Aliyeanza kusema ni nani?"

"Yule mrefu wa Lalago."

Na huyo ndiye niliyekuwa namwaza tangu kikao cha afisa. Mke wake alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wao wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na kwa ajili hiyo jamaa aliuza maksai wake wote. Ndiyo maana akaja kubeba magunia kwangu. Kliniki walishamwonya yule mama kwamba na huyu wa pili asithubutu kuzalia nyumbani. Lakini mume hakuwa na cha kuuza tena, akaamua mkewe atazalia kwa mkunga, liwalo na liwe.

Nikawasha gari mpaka Mwandoya kumchukua mama yangu.

Jumamosi walikuja, ila walikuja kutazama. Wakajipanga ukutani na wake zao. Afisa akaweka kiti, akatundika kitambaa cheupe nyuma yake. Nikakaa wa kwanza. Akafuata mke wangu, wakafuata watoto, nami nikawa nayataja majina yao kwa sauti ya mnadani, la ukoo na la ubatizo. Hakuna aliyebanduka ukutani.

"Wenye ndagu huanza na wa kwao," yule mrefu akasema kutoka ukutani.

Mama yangu alikuwa ameketi juu ya gunia. Akainuka na fimbo yake.

"Mwangaluka, ng'wana," akamsalimia kwa Kisukuma, kama mtoto wake, kwa upole wa kutisha. "Lori lake la kwanza lilipofika nilikuwa na meno yote. Si angenitoa kafara wakati ule, nina nyama? Leo atapata nini, mifupa?"

Ukuta mzima uliangua kicheko. Mama akaenda akakaa kitini. Afisa akamweleza kwa adabu kwamba mama wa mwajiri hayumo katika kundi hili.

"Piga," mama akasema. Akapigwa.

Ndipo mke wa yule mrefu akajikongoja kuelekea kwenye kiti, mkono kiunoni. Mumewe akamshika kanga.

"Baba watoto, niachie. Nikifa nyumbani kwa kukosa upasuaji, hiyo itakuwa ndagu ya nani?"

Mkono ukaachia. Alikaa, akataja jina lake mwenyewe kwa sauti iliyonipita hata mimi. Baada yake kile kiti hakikupoa. Yule mwenye wake watatu alikuja na wote, wakaanza kugombania kiti mbele ya afisa.

Uchungu ulimkuta mke wa yule mrefu mchana mmoja tukipakia. Dereva alikuwa anakula, nikashika usukani mwenyewe, lori likiwa nusu limejaa, mimi na mumewe tukampitia nyumbani. Pamba ilipepea nyuma yetu njia nzima, watu wakisimama kutazama kama tunapeleka bibi harusi.

Hospitali, dada wa dirishani alibonyeza kompyuta yake. Jamaa alikuwa ameng'ang'ania nondo za dirisha.

"Mwajiri wako nani?"

"Huyu hapa," akasema, akinionyesha kabla sijafungua mdomo.

Dada akabonyeza tena. "Iko hai. Mpelekeni ndani."

Nimewahi kusikia bei ya pamba ikipanda ghala langu limejaa. Haikuwa tamu vile.

Alizaliwa mtoto wa kiume, mama akatoka mzima. Baada ya muda wazazi wakaja naye ofisini kwangu, afisa yupo, ili naye aingizwe kwenye bima.

"Jina la mtoto?" afisa akauliza.

Jamaa akanitazama, akakohoa. "Bosi, samahani. Naomba utoke nje kidogo."

Nikatoka. Ofisi yangu, kinu changu, mchango wangu, nikasimama juani kama mtu wa foleni, nacheka mwenyewe: hofu ya ndagu ilikuwa haijamtoka. Nyapara akaniuliza kulikoni.

"Naandikisha mtoto," nikamwambia.

Mpaka leo jina hilo silijui. Ningeuliza ningeambiwa, ila sijauliza. Mtoto akipita getini na mama yake ananipungia mkono. Anatembea sasa.