Muonekano wa kioo kwenye simu mpya, na ng'ombe niliyemkata pembe

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mliojificha bafuni na simu mkononi.

Mimi humu ni msomaji tu. Mkiniona nimeandika, basi ni kwenye nyuzi za simu, nabishana kuhusu kamera na betri na watu nisiowajua. Leo naleta kisa changu mwenyewe, na kinaniaibisha. Kwa hiyo mjue sikukitunga, maana mtu hatungi uongo wa kujiaibisha.

Nina kibanda cha simu hapa Garsen mjini. Natengeneza, nauza kava na chaja, nabandika protector. Kwetu hasa ni Wenje, juu huko kando ya Tana. Sisi ni Wapokomo wa ndizi, mahindi na maembe. Hili la ukulima lishikeni, mtalihitaji mbele.

Ugonjwa wangu mimi ni launch. Kampuni ikitangaza siku ya kutoa simu mpya, nanunua bundle mapema, nafunga kibanda nusu na kukaa kutazama. Mteja akija wakati huo anasubiri. Mke wangu husema nikimtazama yeye vile ninavyotazama simu inayozungushwa jukwaani, ataniandalia pilau kila siku.

Na mmeona wenyewe siku hizi mambo yanaelekea wapi. Kila simu mpya inataka muonekano wa kioo. Icon unaona hadi nyuma yake. Maandishi yamekuwa membamba. Button zimefichwa, unatelezesha kidole huku na kule, ukikosea kidogo unajikuta kwenye kamera. Majina chini ya icon yametolewa, eti yanachafua home screen. Kila picha ni duara.

Mimi nilivipenda vyote. Niliviweka kwenye simu yangu, na kila aliyeniachia simu bila maelekezo aliikuta na sura hiyo.

Sasa, asubuhi moja akaja Mama Guyo.

Huyu ni mama wa Kiorma kutoka Minjila. Huleta maziwa mjini kila asubuhi, na chai yangu ya saa mbili ni ya maziwa yake. Miaka yote alikuwa na kisimu cha button kilichofungwa raba. Siku hiyo alitoa kwenye mkoba smartphone mpya kabisa, hata ile karatasi ya juu haijabanduliwa. Alikuwa amenunuliwa na mwanawe mkubwa, Guyo.

Guyo ni mtu mzima, ana mke na watoto, na ndiye anayesimamia ng'ombe wote wa familia. Kiangazi kikikaza huwashusha delta, upande wa Kau, kwenye nyasi. Huko network hakuna. Kuna tuta moja tu, na yeye hulipanda mara moja kwa siku, baada ya swala ya adhuhuri, ndipo simu inashika. Ukimpigia saa nyingine yoyote, hapatikani.

Lakini voice note inasubiri. Akipanda tuta, inaingia.

Kwa hiyo wakuu, ile simu haikuwa ya selfie. Tana ina tabia yake. Mvua inanyesha milimani huko mbali, sisi huku tuko kwenye vumbi hatuna habari, halafu baada ya siku mbili tatu mto unapanda na kuwakuta ng'ombe wamelala bondeni. Ile simu ndiyo ilikuwa njia ya mama kumwambia mwanawe, ondoka hapo, maji yanakuja.

"Fundi," akaniambia, "mimi kusoma hapana. Wewe tengeneza mpaka mimi napata watu yangu."

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ufundi. Niliweka kioo, nikaficha button, nikaondoa majina, nikamfundisha kutelezesha kidole. Alikuwa akiitikia tu, "haya, haya," na mimi nikadhani ameelewa.

Siku mbili baadaye alirudi. Aliweka dumu la maziwa chini, akaweka simu juu ya meza yangu.

"Hii simu yako naficha watu," akasema. "Jua ikitoka, mimi naona uso yangu tu."

Nilitoka nayo nje ya kibanda kuhakikisha. Jua la Garsen mnalijua. Kweli, nilijiona mimi na ndevu zangu, icon hata moja sikuiona. Kumbe miezi yote nilikuwa nafurahia ule muonekano nikiwa kivulini.

Basi tukakaa chini. Nikamwambia nitamwekea watu sita tu kwenye home screen. Akigusa mmoja, inafunguka moja kwa moja pale pa kumtumia voice note. Kwa kuwa hasomi, kila mtu atakuwa na picha yake.

"Una picha ya Guyo?" nikamuuliza.

Akafungua picha, akanionyesha ng'ombe.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwao mtoto akizaliwa hupewa ndama, na uzao wa ndama huyo unabaki kuwa wa mtoto yule hadi anazeeka. Mama anapomfikiria mwanawe, ng'ombe wake yupo hapo hapo. Guyo alikuwa amempigia picha wote kabla ya kushuka delta, ndiyo hazina iliyokuwa ndani ya simu. "Hii Guyo," akasema akigusa ng'ombe mwekundu. "Hii Halima," akagusa mwingine, mwekundu vile vile. Halima ni binti yake, anafundisha chekechea Malindi. Akaendelea hivyo hadi wa sita.

Nikaziweka. Zikapendeza, duara sita zimejipanga. Lakini ile theme ilikuwa inakata kila picha mviringo, kwa hiyo kilichobaki ni uso wa ng'ombe tu.

Mama Guyo akaisogeza simu karibu na macho. "Pembe iko wapi?"

"Mama, huo ndio muundo wa kisasa," nikamjibu. "Ng'ombe si ni yule yule?"

Kisha akachukua dumu lake akaenda zake.

Mnisamehe, wakuu. Mimi ni mtoto wa mkulima. Kwangu ng'ombe ni yule aliyeingia shambani kwa baba akala mahindi, na siku hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kumtambua kwa sura. Sikujua kwamba nimemnyang'anya yule mama kitu ambacho macho yake yanakitafuta kwanza.

Wiki ikapita. Ndipo kaka yangu akanipigia kutoka Wenje, alfajiri. Maji yalikuwa yameingia mashambani, migomba imesimama ndani yake hadi kiunoni mwa mtu. Sauti yake ilikuwa imechoka. Nilimpa pole, kisha nikakumbuka kwamba maji yaliyoko kwetu leo, kesho yako Garsen, na baada ya hapo delta.

Mama Guyo alipofika na maziwa nikampa habari. Hakupoteza muda. Alitoa simu, akaiangalia, akasita, akanionyesha.

"Hii ni ya Guyo?"

Nilikuwa na mteja mbele yangu, skrubu mdomoni. Nikatupa jicho, nikaona ng'ombe mwekundu. "Ndiyo, Mama, hiyo hiyo."

Akashikilia kidole, akaongea Kiorma kwa haraka, akaachia. Mimi Kiorma changu kinaishia kwenye salamu, lakini nilielewa uzito wake. Nilijisikia vizuri sana siku ile. Nilimwambia hata mteja wangu, umeona teknolojia.

Kesho yake Mama Guyo alikuja bila maziwa. Alikuwa ameshuka kwenye boda, mtandio umejaa vumbi, na simu ameishika kwa mikono miwili.

"Halima napiga simu alfajiri," akasema. "Nauliza mimi, mama, ng'ombe gani hiyo mimi nahamisha? Mimi niko Malindi."

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso. Ujumbe ulikuwa umekwenda kwa Halima. Yeye alikuwa na shughuli za shule mchana kutwa, akausikiliza usiku, akampigia mama yake alipoamka. Guyo hakuwa amepata chochote. Tulikuwa tumepoteza siku nzima, na mto hapa Garsen ulikuwa tayari umebadilika rangi.

Niliogopa. Sikuwa naogopa kugombezwa, maana yule mama hakunigombeza hata kidogo, na hilo lilinichoma zaidi. Niliogopa kwa sababu niliwaona kichwani, Guyo na mkewe na watoto na mifugo yote, wamekaa kwenye nyasi kavu chini ya anga lisilo na wingu, na mtu aliyekuwa na jukumu la kuwafikishia neno ni mimi, na nilikuwa nimewakatia njia kwa ajili ya mapambo.

Nilisoma jina ndani kabisa, herufi kwa herufi, ndipo nikampa simu. Akarekodi tena. Tiki ikatoka moja. Guyo alikuwa bado hajapanda tuta.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Hadi adhuhuri ni saa nyingi sana kwa watu wanaotazama tiki moja.

Nikafunga kibanda, sikupokea kazi ya mtu. Nilikaa na ile simu nikaondoa kila kitu nilichoweka. Kioo nikatoa. Duara nikatoa, nikaweka picha za mraba, kubwa, zinazojaza skrini mbili mbili. Rangi nikakoleza hadi nikatoka nje juani nikaona mimi mwenyewe. Halafu nikarudi kwenye zile picha asili, na kwa mara ya kwanza nikazitazama.

Ng'ombe wa Guyo pembe zake zinakwenda mbele, zimekaribiana. Wa Halima moja imeinama chini, inakaribia kugusa jicho. Hawafanani hata kidogo. Walikuwa wamefananishwa na mimi.

Nilimpa Mama Guyo simu. Akagusa mmoja mmoja bila kusita, akitaja, Guyo, Halima, hadi wa mwisho. "Sasa hawa watu yangu," akasema, akakaa kwenye benchi kusubiri.

Adhana ikalia. Alikwenda kuswali nyuma ya duka la jirani, akarudi. Tiki bado moja. Nilimpa chai ya maziwa ya pakiti, akainywa kwa adabu tu.

Kisha tiki zikawa mbili.

Muda kidogo, voice note ikaingia. Akaibonyeza mwenyewe. Sauti ya mwanamume, anahema, na nyuma yake ng'ombe wanalia na watu wanaitana. Mama Guyo alisikiliza hadi mwisho, akarudia mara ya pili, ndipo akanitafsiria.

"Nasema huko kavu kabisa, yeye nataka kukaa siku nne tena. Sasa nahama. Nasema, mama, nyinyi mmejuaje?"

Nikainama kama natafuta skrubu chini ya meza. Macho yalikuwa yamejaa, na sioni haya kuwaambia.

Walivuka tawi la mto jioni ile wakafika ardhi ya juu. Maji yaliingia pale walipokuwa siku iliyofuata. Ng'ombe wote walifika, na mmoja aliyekuwa na mimba alizaa huko juu asubuhi yake.

Msinielewe vibaya, sijaja hapa kuziponda simu mpya. Bila ile simu, Guyo angekaa siku zake nne. Launch bado natazama, na ile ijayo nimeshaiwekea bundle. Ila siku hizi wakionyesha muonekano mpya na watu wakapiga makofi, mimi najiuliza kwanza kimekatwa nini ili upendeze, na aliyekatiwa ni nani. Na nikimtengenezea mtu simu, natoka nayo juani, kisha namwacha yeye anionyeshe anavyowajua watu wake.

Kina mama wa maziwa sasa wanakuja kwangu wakitaka "simu ya ng'ombe". Nimewafanyia kadhaa. Mama Guyo anakaa benchi pale na kuwafundisha, anajua kuliko mimi. Kaka yangu naye maji yameshuka, yameacha tope jeusi zuri shamba zima, na ameanza kupanda.

Juzi Mama Guyo alitaka nimwongezee mtu wa saba kwenye home screen. Nikamuuliza nani. Akasema, "Wewe."

Nikamwambia mimi sina ng'ombe, niweke mgomba. Akakataa. Akatoa picha aliyotumiwa na Guyo, yule ndama aliyezaliwa ardhi ya juu, mwekundu, ncha ya sikio moja nyeusi. "Huyu yako. Nakaa na Guyo, nakula nyasi ya Guyo. Lakini yako."

Nimeiangalia ile picha mara nyingi kuliko simu yoyote iliyowahi kuzinduliwa. Hata mkinichanganyia ndama mia, namtoa wangu.

Nimeiweka kwenye simu ya mama, mraba, na juu ya kichwa chake nimeacha nafasi tupu.

Karibuni mtoe maoni, na mnaotaka kunicheka chekeni tu. Ila kama humu kuna mfugaji, naomba anijibu swali moja: pembe za ndama huanza kuota akiwa na umri gani?