Shati la Kumpokelea Mgeni

Osewe alikuwa mtu wa pasi. Hata alipokuwa fundi wa mawe, aliondoka Gatwekera, kule Kibera, na suruali yenye mstari, akabadilisha akifika kazini. Miaka sita iliyopita jukwaa la mbao lilivunjika naye kwenye ghorofa ya tatu. Miguu ilikufa kabisa, na mikono ikabaki na nguvu ya kushika kikombe tu, tena kikiwa nusu.

Tangu hapo mkewe, Caren, ndiye aliyekuwa miguu na mikono yake. Alimwosha, akamlisha, akambeba mgongoni alfajiri hadi choo cha ploti kabla watu hawajaamka, kisha akaenda kufulia watu nguo. Jirani akiuliza, alijibu kuwa Baba Audrey yuko sawa, anaendelea. Ndivyo Osewe alivyotaka ajibu. Lakini mgongo haujui kuficha siri. Siku moja Caren aliteleza naye kwenye mtaro, na tangu hapo alikuwa akiinuka kitandani kwa kushika ukuta.

Kulikuwa na msaada wa serikali, elfu mbili kwa mwezi, kwa mtu mwenye ulemavu asiyeweza lolote bila wa kumtunza. Kwa pesa hizo Caren angepunguza siku za kufua, mgongo upumzike. Walikuwa wamekwenda hospitali mara tatu, akapimwa, kadi ikatoka. Kilichobaki ni afisa kuja nyumbani kuuliza maswali.

Asubuhi ya siku hiyo Osewe aliitisha shati jeupe na koti lake la mtumba la Soko la Toi. Mgeni hapokelewi kitandani, alisema. Caren akamvisha, akamfunga vifungo hadi kile cha shingoni, akamkalisha kwenye kochi na kumkaza kwa mito huku na huku asianguke.

Afisa mwenyewe alikuwa msichana mpole aitwaye Ngina, wa umri wa binti yao Audrey.

"Mzee, unaweza kukula mwenyewe?"

"Naweza."

"Kuoga?"

"Naoga."

"Na choo?"

Osewe aliangalia ukuta. "Naenda, madam."

Caren alikuwa mlangoni na chai. Hangeweza kumkana mumewe mbele ya mgeni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ni rahisi kwao kusema. Hawakuulizwa na msichana wa umri wa binti yao ni nani anayewapeleka chooni.

Ngina alipoondoka, Caren alianza kumvua koti.

"Eti unaenda choo," alisema. "Na nani, Baba Audrey?"

Osewe aliona aibu, na haikuwa ile aibu aliyoizoea.

Baada ya wiki mbili chifu aliita baraza ili majina yasomwe mbele ya wananchi. Ngina akasoma waliokubaliwa, kisha waliokataliwa. Osewe alikuwa kwa hao wa pili: anajitegemea. Chifu akauliza kama kuna mwenye neno.

Dalmas, jirani wa mlango wa pili, alisimama. Alikuwa na nia njema kabisa. "Osewe ni mwanaume. Miaka sita sijamsikia akilia. Wacha wasaidiwe wale hawajiwezi."

Watu wakapiga makofi. Osewe aligeuza shingo. Caren alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu walichoazima kwa siku hiyo, mkono mmoja kiunoni, akiwatabasamia watu vile alivyozoea. Tabasamu hilo lilimuuma kuliko ile siku jukwaa lilipovunjika.

"Chifu, mimi siko sawa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Siko sawa. Huyu mama ndiye hunibeba mgongoni hadi choo. Ananiosha kila mahali. Ananilisha. Kuna siku alianguka na mimi kwa mtaro, na saa hii hata kuinama hawezi. Nilidanganya huyu msichana kwa sababu alikuwa mgeni, na mimi nilikuwa nimevaa shati."

Hakuna aliyecheka. Dalmas alikaa chini polepole.

"Andika," chifu alimwambia Ngina.

Ngina akaandika. Caren alizunguka mbele ya kiti. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyapangusa. Aliona kifungo cha shingoni kimefunguka. Akainama kwa shida, akakifunga, watu wote wakimwangalia.