Ukuta wa Udongo wa Mgodi

Nyumba yangu ya kwanza kule Geita iling'aa. Sisemi kwa kujisifu. Au tuseme najisifu, ilikuwa nyumba yangu. Mgodi wa wazungu ulikuwa umefungwa, mitambo imenyamaza, vimebaki vilima vya udongo wa kijivu, laini kama unga wa muhogo. Sisi wanawake tuliufuata na makarai. Tuliuchanganya na mavi ya ng'ombe, tukasiriba kuta kwa viganja, na ukuta ukikauka ulimetameta jioni kama ubavu wa samaki. Mpaka leo nikifumba macho nauona ule mng'ao, na binti yangu wa kwanza amesimama mbele yake, kimya.

Alikuwa wa miaka mitatu. Mvua ikinyesha, ukuta ulitoa harufu ile inayowatoa wajawazito udenda, naye huyo, anakwenda kuulamba. Nilicheka. Nani hajalamba udongo? Kisha tumbo likaanza kumkata. Akapauka. Na maneno aliyokuwa nayo, maji, mama, ng'ombe, yakampotea moja moja, kama vifaranga wanaochukuliwa na mwewe. Mama mkwe akasema ni jicho la mtu. Tukamfunga hirizi.

Asubuhi moja akaja bwana afya na baiskeli, pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi.

"Mwangaluka, mayu," bwana afya akanisalimu kwa Kisukuma cha kubabaisha. "Amri ya wilaya umeisikia? Udongo wa vilimani marufuku. Una madini ya risasi, ni sumu. Kuta zote zilizosiribwa nao zibanduliwe, ufukiwe shimoni."

"Serikali imekosa kazi, imekuja kunichagulia rangi ya ukuta?"

Balozi akadakia, "Afadhali wewe unaongea. Mke wangu amenifungia mlango."

"Amefanya vizuri."

Bwana afya hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yangu, aliyeegemea ukuta, ulimi nje.

"Huyu anaulamba tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Na kuumwa?"

Nilikwenda kuchukua jembe.

Alinionyesha kuumwagia ukuta maji kwanza, vumbi lisiruke. Basi ukuta wangu ukaanguka vipande vilivyolowa, polepole, na kila kipande kiling'aa mpaka kikafika shimoni. Nililia, ndiyo. Niliulilia ukuta, nikamlilia mtoto, sikujua chozi lipi ni la nani. Jioni nikasiriba upya kwa udongo mwekundu wa kichuguu. Nyumba ikawa kama za wengine. Mtoto tukampeleka zahanati.

Serikali iliahidi kuvizungushia vilima uzio. Nguzo zilikuja, waya haukuja, mbuzi wakapata pa kujikunia. Kwa hiyo uzio nikawa mimi. Mwanamke akipita na karai namsimamisha: rudi nyumbani, shoga, njoo kwanza umwone wangu.

Zikapita mvua, zikaja nyingine. Siku zile zimeniingia kichwani kama ukungu, sijui ipi ilitangulia. Ila hii naikumbuka: mvua inanyesha, binti yangu ameweka kiganja kwenye ukuta mwekundu, ananusa. Nikajishika kifua. Akageuka, akanyoosha kidole nje.

"Maji," akasema.

Maneno mengine yalikawia. Leo binti yangu ni mama wa watoto watano, na bado huongea akituatua, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wajukuu wangu hawamkatizi. Niliwafundisha mwenyewe kumsubiri.