Kipanga ya Musembi

Presha ya macho ilipompofusha Kanyiva, picha za mwanawe Musembi hazikumfaa tena. Alibaki na sauti ya pikipiki yake, ya aina ya Kipanga, ya zamani, iliyosikika toka sokoni Kanyangi kabla haijapanda mlima wetu. Malaria ilipomchukua Musembi, Kyule, babake, akawa anaiwasha kila Jumapili wakitoka kanisani. Kanyiva aliketi kando yake, akalia mpaka akaridhika. Sisi majirani tulizoea. Kisha pistoni ikafa, na kiwanda cha Kipanga kilikuwa kimefungwa kitambo.

Mwaka jana redio ikaanza kutupigia kelele: Kipanga imerudi, kampuni mpya, duka liko Kitui mjini. Nilimwambia Kyule kwamba redio hiyohiyo ndiyo iliyotuahidi mvua. Hakunisikia. Aliifunga pistoni kwa kitambaa, akavaa koti la kanisani, akaniburuta twende.

Dukani tulipokelewa na Nduta, msichana mwenye heshima zake. Tulimweleza habari za Musembi na mamake. Aliigeuzageuza pistoni mkononi, akatueleza polepole kwamba wao walinunua jina tu. Pikipiki zao ni za betri, pistoni hazina.

"Kwetu, mtoto akipewa jina la marehemu, watu wa marehemu wanakuwa watu wake," Kyule akasema. "Sasa nyinyi mlichukua jina, na sisi mkatuacha wapi?"

Niliona uchungu umemwingia Nduta, kwa maana alijitolea kutupeleka nyumbani kwa moja ya zile mpya, angalau mama aishike. Tukabanana watatu mpaka Kanyangi.

Tulimkuta Kanyiva ameketi uani, uso ameuelekeza barabarani. Hakutusikia tukifika, hakushtuka mpaka Kyule alipomwita. Kyule akamwongoza hadi kwenye pikipiki. Mama akapapasa herufi za jina, moja baada ya nyingine, akatabasamu. Nilidhani mambo yamekwisha vizuri, mjinga mimi.

"Ni yenyewe," akasema. "Haya, Baba Musembi, iwashe."

Kyule alinitazama, nami nikatazama chini. Nduta ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Imewaka, mama. Imewaka tangu tuingie."

Kanyiva aliinamisha kichwa karibu na pikipiki, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaondoa mkono, akaomba arudishwe kwenye kiti chake.