Viatu Ambavyo Yaya Hakunichorea

Ukishuka treni hapa Kamina ukauliza depo ya simenti na mabati iko wapi, utaletwa kwangu. Hawatataja jina. Watasema: kule kwa patron asiye na miguu. Sioni haya. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa msingi, na leo nina depo, nina malori mawili, na sura yangu imechorwa ukutani, ndefu kuliko mlango. Waliosoma kuliko mimi, kuta zao ni tupu.

Sura hiyo aliichora Yaya. Hatukuzaliwa tumbo moja. Kwetu Yaya ni ndugu mkubwa, na yeye alikuwa mkubwa wa mji mzima. Nusu ya kuta za Kamina zilipita mikononi mwake. Nusu nyingine alisema ni kuta zilizolala. Alikuwa mwandishi pia. Aliandika michezo ya kuigiza, Kiswahili na Kiluba humo humo, na vijana wa parokia waliicheza Jumapili baada ya misa. Michezo yake haikuwa na mwisho. Mtu anachukua mzigo wake, anatoka kwa mlango wa pembeni, basi. Wamama wanabaki wanauliza: sasa yule alifika? Yaya anawajibu: angali njiani, mumuombee.

Picha zake njo vilevile. Mtu aliye hai, Yaya hakumchorea miguu.

Mimi sikulijua hilo. Siku ya kuchorwa nilitoka nimevaa viatu vya ngozi ya mamba, vya Lubumbashi. Uelewe kwa nini. Ujana wangu wote nilisukuma baiskeli ya mahindi kutoka Kaniama mpaka hapa, miguu mitupu, jua kali mchanga unaunguza, mvua ikinyesha matope yananifika magotini. Sokoni watu walitazama mahindi, halafu walitazama miguu yangu, halafu walishusha bei. Kwa hiyo nilimwambia Yaya achore viatu kwanza. Uso wangu watu wanaujua.

Alichora uso. Akachora koti, saa ya mkono, hata ufunguo wa depo. Alipofika kwenye pindo la suruali, akaosha brashi.

"Na viatu?"

"Weye unatembea bado, mudogo wangu. Nitajuaje miguu itasimama wapi?"

Nilibishana naye mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa depo. Yeye alikula bukari na sombe, akaongeza sahani, akamsifu mke wangu, akaenda kwake.

Chini ya suruali ukabaki ukuta tu, na mbuzi wa mtaa wakaona ni mahali pazuri pa kulala. Ukitazama kutoka barabarani, unaona patron mwenye koti zuri amesimama juu ya mbuzi. Wamama wanaouza unga mbele ya depo hawakuniacha. Kila asubuhi: "Patron, leo umevaa vya rangi gani? Vyeusi? Jana vilikuwa vyeupe, na kimoja kilikuwa na mimba."

Yaya aliendelea kuja, na kila mara nilimdai viatu vyangu. Lakini nitasema kweli: yeye peke yake alivumilia kusikia habari ya ile baiskeli. Watoto wangu nikianza tu, wanakumbuka wana kazi. Yaya alikaa, akauliza kama hajawahi kusikia: kwenye mlima uliimba nini? Mahindi yakilowa yananuka namna gani? Halafu Jumapili moja, kwenye mchezo wake, kijana akapita anasukuma baiskeli, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nilisimama kanisani pale pale nikawaambia watu: yule njo mimi. Padri alicheka.

Kiangazi kimoja habari ikafika sokoni kwamba fundi cherehani, mzima kabisa, amepewa miguu kwenye ukuta wake. Kisha mama wa mgahawa akapata yake, na kandambili juu. Nilikasirika. Mtu wa cherehani, anayeshinda amekaa, apewe miguu mbele yangu? Nikatuma mtu wa pikipiki amlete Yaya mara moja.

Aliletwa. Koti lilimkaa kama limetundikwa kwenye msumari. Wale wamama wa unga walisogeza beseni zao apite. Alijishusha polepole mpaka chini kwenye udongo, akafukuza mbuzi, akapanga makopo ya rangi.

"Bahati miguu iko chini," akasema. "Ngazi sipandi tena. Leta viatu."

Nilivileta. Nimevitunza, viking'aa unajiona uso. Akafungua kopo la rangi ya udongo, akapumzika. Akachovya brashi, akapumzika. Hapo njo nikaelewa anafanya nini mjini, ukuta kwa ukuta. Alikuwa anafunga kazi.

Nikaviondoa viatu mbele yake. Nikamwambia hivi vimezeeka, sivitaki tena, nitanunua vingine nikishuka Lubumbashi, arudi wakati ule.

"Mudogo, unanifukuza?"

"Sikufukuzi, Yaya. Kazi yangu haijaisha. Utaondokaje?"

Alinitazama sana. Kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo.

"Weye uongo huujui," akasema. "Basi usivinunue haraka."

Akafunika kopo. Alikula bukari kidogo, akamsifu mke wangu kama zamani.

Mvua za kwanza zilipofika, alikuwa amekwenda. Kwenye kilio nilisema mimi, tena nilisema kirefu, na nilipofika kwenye baiskeli hakuna aliyenikatiza.

Kila mwaka napaka ukuta upya kuzunguka sura ile. Vijana wenye rangi wanakuja, wananiambia watanimalizia bure. Nawafukuza. Na Lubumbashi nashuka kila mwezi na lori langu, napita mbele ya maduka ya viatu, nauliza bei, nawaambia wenye duka kwamba ningeweza kununua rafu nzima, na kweli ningeweza. Mimi siamrishwi na mtu. Lakini Yaya alisema nisivinunue haraka, basi narudi na vile vya zamani, nawakuta mbuzi mahali pao.